Usikivu, majadiliano, ushawishi au usuluhishi: meneja wa mradi aanze na stadi ipi?

Mameneja wengi wa miradi hawakusomea kuongoza watu. Walikuwa wahandisi hodari, wahasibu makini au waandika programu wa kutegemewa, kazi zao zikaonekana, wakakabidhiwa mradi. Baada ya muda mfupi wanagundua kwamba ratiba na bajeti wanazimudu. Kinachowanyima usingizi ni mfadhili anayebadili mawazo kila mkutano, mkandarasi asiyepokea simu, na wataalamu wawili wasiosalimiana wanaotakiwa kukamilisha kazi moja. Wakitafuta msaada wanapewa orodha ndefu ya stadi laini: mawasiliano, uongozi, majadiliano, kutatua migogoro, akili hisia, kukasimu kazi, na zote zinaambiwa ni muhimu. Orodha kama hiyo haimfai mtu ambaye mradi wake umeshaanza na muda wake wa kujifunza ni wa kuibia. Yeye anataka kujua ashike ipi kwanza.

Hapa nazipanga mbilimbili, kwa sababu mtu anapokwama huwa anababaika kati ya stadi mbili zinazofanana kwa sura lakini zinazofanya kazi tofauti. Nazipima kwa mambo matatu: inazuia hasara gani, matunda yake yanaonekana baada ya muda gani, na mtu anaweza kuijenga peke yake au anahitaji wa kumwongoza. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anavyoendelea: usikivu, hasa ule uwezo wa kupokea habari mbaya bila kumfanya aliyezileta ajute, unatangulia vingine vyote. Majadiliano, ushawishi na usuluhishi hutegemea taarifa za kweli, na taarifa za kweli humfikia yule tu ambaye watu hawaogopi kumwambia.

Kwamba stadi hizi ni sehemu ya kazi yenyewe, hilo halina ubishi tena. Mtihani wa PMP, cheti cha umeneja wa miradi kinachotolewa na Project Management Institute, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, ulifumuliwa Januari 2021. Asilimia 42 ya maswali ikawekwa kwenye eneo la watu, asilimia 50 kwenye michakato na asilimia 8 kwenye mazingira ya biashara. Mwenye cheti hicho hutakiwa kukusanya pointi 60 za kujiendeleza kila baada ya miaka 3, na zisizopungua 8 kati ya hizo lazima zitokane na stadi za kushughulika na watu. Shirikisho la kimataifa la usimamizi wa miradi, IPMA, nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliorodhesha umahiri 10 chini ya kundi la watu, kuanzia kujitafakari na uadilifu hadi majadiliano na kukabili migogoro. Lakini viwango hivi vinaeleza kinachotakiwa kwa jumla. Havimwambii meneja mmoja, mwenye mradi mmoja, pa kuanzia.

Kusikiliza na kuzungumza

Kozi nyingi za mawasiliano hufundisha kuzungumza: namna ya kuandaa wasilisho, kusimama mbele ya watu, kuandika ripoti fupi inayoeleweka. Ni stadi ya maana na ina faida mbili kubwa. Hujifunzwa haraka, na maendeleo yake huonekana wazi. Mtu akifanya mazoezi ya wasilisho lake mbele ya wenzake mara kadhaa, tofauti inaonekana hata kwa asiyemjua.

Umuhimu wake unakua kadiri timu inavyokua. Kuna hesabu ambayo kila anayesomea usimamizi wa miradi hukutana nayo: idadi ya njia za mawasiliano ni watu mara watu kasoro mmoja, gawanya kwa mbili. Timu ya watu 5 ina njia 10. Ikifika watu 10, njia ni 45. Ikifika 15, ni 105. Timu ikiongezeka mara tatu, njia za habari kupotoka zinaongezeka zaidi ya mara kumi. Kwenye timu ya watu 5 meneja anaweza kusahihisha kutoelewana kwa kupita kwenye meza zao. Kwenye timu ya 15 lazima aandike vizuri, tena mahali pamoja panapojulikana na wote, la sivyo kila mtu atabaki na toleo lake la maamuzi ya jana.

Kusikiliza ni kazi nyingine kabisa. Kuzungumza vizuri kunazuia hasara ya kutoelewana, ilhali kusikiliza kunazuia hasara ya kutojua, na kutojua ndiko kunakoangusha miradi mikubwa. Angalia jinsi maendeleo ya kazi yanavyoulizwa kwenye mikutano mingi:

"Sehemu ya malipo imefikia wapi?"

"Asilimia 90."

"Safi sana. Anayefuata?"

Ijumaa inafika, jibu ni asilimia 90. Wiki inayofuata, asilimia 95. Hapo hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Meneja ameuliza swali linalojibika kwa namba, akapewa namba. Sasa tazama mazungumzo yaleyale yakiongozwa na mtu anayesikiliza:

"Kilichobaki ni kipi?"

"Majaribio, na zile fedha zinazorudishwa kwa mteja."

"Hizo za kurudishwa, unajua utazishughulikiaje?"

Kimya kidogo. "Bado. Nasubiri benki watupe maelezo ya mfumo wao."

"Uliwaomba lini?"

"Ni kama wiki mbili sasa. Hawajajibu."

"Asante kwa kuniambia. Leo hii namtafuta mkuu wao. Kuna kingine unachosubiri kutoka nje?"

Maswali matatu ya kwanza yameibua kikwazo ambacho kingejitokeza siku ya makabidhiano. Lakini kazi kubwa hapo imefanywa na ile "asante". Laiti meneja angesema "Wiki mbili zote hizo ulikuwa unangoja nini?", angepata jibu la siku ile na kupoteza majibu ya miezi yote iliyobaki, kwa sababu chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Wanasaikolojia Sidney Rosen na Abraham Tesser walichunguza mwaka 1970 jinsi watu wanavyosita kupeleka habari mbaya, wakaiita hali hiyo athari ya MUM. Haihitaji bosi mkali ili itokee, watu husita hata mbele ya mtu mpole. Kwa hiyo meneja asiyefanya lolote kuipunguza atakuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa bila kujua, hata kama timu yake inampenda.

Mfano unaofundisha zaidi kuliko yote ninayoijua ni wa chombo cha anga cha Challenger. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi za kukisukuma, walizungumza kwa simu na maafisa wa NASA, shirika la anga la Marekani, wakapendekeza kisirushwe asubuhi. Hofu yao ilikuwa pete za mpira zinazoziba viungio vya roketi. Safari ya baridi kuliko zote zilizotangulia ilirushwa kwenye nyuzijoto 12 hivi, na asubuhi hiyo ilitarajiwa baridi kali zaidi sana. Pendekezo lao likahojiwa vikali. Viongozi wa kampuni wakaomba muda wa kushauriana wenyewe, na waliporudi wakakubali chombo kirushwe. Kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na wote 7 waliokuwamo walipoteza maisha.

Wapo wanaosema wahandisi wale walishindwa kuzungumza: chati zao hazikuonyesha waziwazi uhusiano kati ya baridi na kuharibika kwa pete. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini tazama kilichowapata wale waliosema. Badala ya warushaji kutakiwa wathibitishe kwamba kurusha ni salama, wahandisi ndio waliojikuta wakidaiwa uthibitisho kwamba si salama. Palipo na usikivu, wasiwasi wa mtaalamu unatosha kusimamisha kazi mpaka ukweli ujulikane. Pasipokuwapo, hata chati nzuri itatafutiwa kasoro.

Kwa vipimo vyangu vitatu, kuzungumza kunashinda kwenye urahisi na kasi, kusikiliza kunashinda kwenye ukubwa wa hasara inayozuiwa. Ubaya wa kusikiliza ni kwamba huwezi kujipima mwenyewe, maana kila mtu hujiona msikivu. Kipimo kinachofaa ni hiki: habari mbaya zinakufikia zikiwa changa au zikiwa zimekomaa? Ukiona unasikia matatizo kwa mteja kabla ya kuyasikia kwa timu yako, hapo ndipo pa kuanzia, na kozi ya wasilisho isubiri.

Majadiliano na ushawishi

Hizi mbili huchanganywa sana, na kuzichanganya kuna gharama. Majadiliano yanawezekana pale ambapo kila upande una kitu cha kutoa na cha kupokea. Ushawishi unahitajika pale ambapo wewe unahitaji na mwenzako hahitaji chochote kutoka kwako. Anayejadiliana mahali pa kushawishi huonekana mfanyabiashara wa fadhila. Anayeshawishi mahali pa kujadiliana huondoka na ahadi tamu zisizoandikwa.

Kwenye majadiliano, hatua inayozaa kuliko zote ni kutenganisha kile mtu anachodai na kile anachokitaka hasa. Mkurugenzi anayefadhili mradi anamwita meneja:

"Nataka huu mfumo uwe tayari mwezi mmoja kabla ya tarehe tuliyopanga."

Meneja asiye na mazoezi ana njia mbili tu, kukubali na kuiumiza timu, au kukataa na kumuudhi mkubwa. Mwenye mazoezi anauliza kwanza: "Sawa, Mkurugenzi. Naomba nielewe, kuna jambo gani mwezi huo?"

"Bodi inakutana. Wameanza kuuliza fedha zimefanya nini, nataka niwaonyeshe kitu."

"Tukikuandalia sehemu ya usajili ikiwa inafanya kazi kamili, uwaonyeshe wenyewe ikitumika, na ripoti zije tarehe ileile ya mwanzo, itatosha?"

Mara nyingi inatosha. Mkurugenzi alidai tarehe, ila alichohitaji ni kitu cha kuonyesha. Na hapa usikivu unajitokeza tena, maana suluhisho limetoka kwenye jibu lake na halikuwamo kwenye mbinu yoyote ya kubembeleza. Jambo la pili la lazima ni kujua, kabla hujaingia chumbani, utafanya nini msipokubaliana. Meneja mwenye msambazaji wa pili aliyeshaonyesha bei yake huzungumza na wa kwanza kwa utulivu ambao hauwezi kuigizwa.

Ushawishi una msingi tofauti. Wanasaikolojia John French na Bertram Raven walieleza mwaka 1959 vyanzo vitano vya nguvu ya mtu juu ya wengine: cheo, uwezo wa kutuza, uwezo wa kuadhibu, ujuzi, na heshima au mapenzi ambayo watu wanayo kwake. Sasa mtazame meneja wa mradi katika taasisi ambayo wataalamu wanabaki chini ya wakuu wa idara zao. Hawezi kuwapandisha mshahara, tathmini zao za mwaka zinaandikwa na mwingine, na cheo chake hakivuki mpaka wa mradi. Vyanzo vitatu vya kwanza hana. Amebakiwa na ujuzi na heshima, na vyote viwili hujengwa kabla ya siku ya shida.

Kwa hiyo ushawishi unaonekana katika mambo madogo yanayofanywa mapema. Unapoomba mtaalamu kutoka idara nyingine, unaomba siku unazozitaja, kwa kazi unayoitaja. Neno "msaada" peke yake humwogopesha mkuu wa idara kwa kuwa halina mwisho. Unamrudisha mtaalamu siku uliyoahidi hata kama ungependa kubaki naye. Unamwandikia mkuu wake kueleza kazi aliyoifanya. Ukija kuomba mara ya pili, huna haja ya hotuba.

Udhaifu wa ushawishi ni kwamba umefungamana na mtu. Akiondoka, unaanza upya. Jumba la opera la Sydney linaonyesha hilo vizuri. Mbunifu Jørn Utzon kutoka Denmark alishinda shindano la kulisanifu mwaka 1957, na alifanya kazi chini ya serikali iliyoupenda mradi ule. Serikali ikabadilika mwaka 1965. Waziri mpya wa ujenzi hakuwa na mapenzi hayo, akazuia malipo, wakavutana, na Utzon akajiuzulu Februari 1966 kabla jumba halijakamilika. Lilifunguliwa mwaka 1973 kwa gharama ya dola za Australia milioni 102, ilhali makadirio ya awali yalikuwa milioni 7. Sidai kwamba mvutano ule ndio uliozaa pengo lote hilo, maana ujenzi ulianza michoro ikiwa haijakamilika na paa lenyewe lilikuwa fumbo la kihandisi. Ninachosema ni kwamba siku mdau mkuu anapobadilika, imani uliyoijenga kwa aliyetangulia hairithiwi. Meneja anayesikia kwamba mfadhili wake anahamishwa anapaswa kumtafuta anayekuja wiki hiyohiyo, amweleze mradi tangu mwanzo na kuusikiliza mtazamo wake kabla hajaupata kwa wengine.

Kuchagua kati ya hizi mbili si kugumu ukijua mradi wako unategemea nini. Kama unaendeshwa kwa mikataba, wakandarasi na wasambazaji, jifunze majadiliano kwanza. Yana kanuni zinazofundishika na mtu huona faida kwenye mkataba wake wa kwanza tu. Kama unategemea watu wa kuazima ndani ya taasisi kubwa, anza na ushawishi leo, maana huchukua miezi na hauna njia ya mkato.

Kusuluhisha na kuzuia mgogoro

Mwanasaikolojia Bruce Tuckman alieleza mwaka 1965 kwamba makundi hupitia hatua: kukusanyika, kuvutana, kuzoeana, kisha kuzalisha. Mwaka 1977 yeye na Mary Ann Jensen wakaongeza ya tano, kutawanyika. Mpango huu hautabiri tarehe, lakini unamwondolea meneja mpya hofu moja kubwa: timu kuvutana katika wiki za mwanzo hakumaanishi kwamba alichagua watu vibaya.

Mvutano ukishatokea, kipimo maarufu ni kile cha watafiti Kenneth Thomas na Ralph Kilmann cha mwaka 1974, chenye mitindo mitano: kushindana, kushirikiana, kupatana nusu kwa nusu, kukwepa na kukubali yaishe. Wengi huhitimisha kwamba kushirikiana ndio mtindo bora na mingine ni kasoro. Sikubaliani. Kushirikiana kunakula muda mrefu na kunahitaji pande zote ziwe tayari kufunguka. Kunafaa mgogoro unaohusu jambo zito litakalodumu, kama muundo wa mfumo au mgawanyo wa majukumu. Kwa ugomvi wa nani atumie chumba cha mikutano, nusu kwa nusu inatosha na kazi iendelee. Kwenye usalama wa watu au matakwa ya sheria, meneja anaamua na kusimama imara, kisha anaeleza sababu. Kukwepa nako kuna nafasi yake: watu wakiwa wamewaka, kuahirisha hadi kesho ni busara, ilimradi kesho hiyo ifike kweli.

Mtindo ninaouogopa ni kukubali yaishe unapokuwa mazoea. Meneja anayekubali kila kitu huonekana mtu mwema kwa miezi kadhaa, huku mzigo ukiwaangukia wale wasiopiga kelele. Hapo hapajasuluhishwa chochote, kombe limefunikwa tu.

Kuzuia mgogoro ni stadi isiyosifiwa kwa kuwa matunda yake hayaonekani, lakini ndiyo ningemshauri mtu aiwekee nguvu kabla ya kusuluhisha. Migogoro mingi ya miradi huvaa sura ya ugomvi wa tabia, kumbe mizizi yake ni kazi isiyo na mwenyewe. Mtaalamu wa data anamwona mwenzake mzembe, mwenzake anamwona yeye kiherehere, na ukichimba unakuta hakuna aliyewahi kusema nani anaidhinisha data kabla ya kutumwa. Kabla hujaandaa kikao cha upatanisho, andika jina moja mbele ya kila uamuzi unaogombaniwa. Mara nyingi uhasama unapoa wenyewe.

Kukasimu, na kujitawala

Hizi nazipitia kwa ufupi, kwa kuwa chaguo lake ni rahisi. Kukasimu kunahitajika haraka na yule aliyepandishwa kutoka kwenye ufundi, kwa sababu mikono yake bado inatamani kazi ya zamani. Wataalamu wa uongozi Paul Hersey na Ken Blanchard walipendekeza mwaka 1969 kwamba kiasi cha maelekezo kitegemee ukomavu wa mtu katika kazi ile mahususi, na wazo hilo linatosha kuanzia: mgeni mpe hatua, mzoefu mpe lengo. Kosa linaloumiza ni kumkabidhi mtu kazi na kubaki na uamuzi wake mfukoni.

Kujitawala ni sharti la usikivu. Asiyeweza kuzuia uso wake usikunjamane hatazipata habari mbaya, hata aulize maswali mazuri namna gani. Kama wewe ni wa hasira za karibu, usianze na majadiliano wala ushawishi. Anza na tabia moja tu: ukisikia jambo baya, neno lako la kwanza liwe swali.

Semina, mshauri au mazoezi kazini

Semina ya siku mbili inafaa majadiliano na uwasilishaji, kwa sababu ni stadi zenye mbinu na zinaweza kuigizwa darasani. Kwa usikivu na ushawishi semina inakupa msamiati, na msamiati peke yake haubadilishi mkutano wa Jumatatu. Mshauri, yaani meneja mzoefu unayekutana naye mara kwa mara, anafaa zaidi kwa ushawishi na migogoro, maana huko jibu hutegemea watu waliopo na yeye anaweza kukuuliza wao ni akina nani. Ubaya wake ni kwamba anasikia hadithi ya upande wako tu.

Mazoezi kazini yenye mrejesho ndiyo ninayoyapendelea kwa usikivu. Mwombe mwanatimu unayemwamini ahudhurie mikutano yako akiwa na kazi moja: kuandika kila mara ulipomkatiza mtu, na kila mara ulipojibu kabla swali halijaisha. Ni zoezi gumu kwa mkubwa kulipokea, na ndiyo maana linafanya kazi. Lingine ni lile la mwanasaikolojia Gary Klein, alilolieleza mwaka 2007: kabla mradi haujaanza, timu inaambiwa iwazie kwamba umeshashindwa vibaya, kisha kila mmoja aandike sababu. Zoezi hili huwapa wakimya ruhusa ya kusema wasiwasi wao bila kuonekana wapinzani. Halina gharama, linachukua muda usiozidi kikao kimoja, na meneja anayetaka kujua timu yake inamficha nini atajua siku hiyohiyo.

Chaguo lako

Ukiwa na timu mpya ambayo hamjafahamiana, anza na usikivu, ukisaidiwa na zoezi la Klein. Ukiwa umepokea mradi katikati kutoka kwa meneja mwingine, vilevile, ila ongeza mazungumzo ya mtu mmojammoja kabla ya mkutano wowote wa pamoja, kwa sababu kwenye kundi watu watakueleza historia iliyokubaliwa, lakini faraghani watakueleza iliyotokea.

Timu yako ikiwa imetawanyika na mnakutana kwa video tu, kuandika vizuri kunapanda hadi nafasi ya kwanza pamoja na usikivu. Mkutano wa video usio na ajenda hukusanya ukimya, na ukimya wa kwenye video hausomeki kama ule wa chumbani. Andika maamuzi siku hiyohiyo, kisha muulize kila mmoja kwa jina.

Mradi wenye wakandarasi wengi na fedha nyingi nje ya taasisi: majadiliano. Mradi wa mabadiliko ndani ya taasisi, ule unaowataka watu waache njia waliyoizoea: ushawishi, na uanze kwa wale wanaopoteza kitu, kwa kuwa wanaofaidika hawahitaji kushawishiwa.

Kuna hali ambayo hakuna stadi kati ya hizi itakayoiokoa. Fedha zikiwa nusu ya zinazohitajika na tarehe haisogei, usikivu wako utaishia kusikia malalamiko ya haki, na ushawishi wako utatumika kuwaomba watu wajiumize. Hapo kazi ya meneja ni kumpelekea mfadhili namba hizo kwa maandishi, pamoja na machaguo mawili au matatu anayoweza kuyabeba, na kumwomba achague moja akiwa anajua kinachopotea kwa kila chaguo.